Majarida ya Wazee Wetu



Asubuhi moja, kabla ya mafundisho, nilinunua vitumbua kwa mama mmoja wa Katuba. Akanifungia vizuri ndani ya karatasi. Nilipoikunjua nikaona Kifaransa cha herufi ndogo, namba ya ukurasa, na tanbihi ndefu chini yake, kama waandikavyo wasomi. Kumbe ilikuwa karatasi ya jarida la teolojia. Mafuta yalikuwa yamelowesha nusu ya ukurasa, na sentensi ya mwisho ilikatika njiani, kwa maana ukurasa uliofuata bila shaka ulikuwa umekwisha kumfungia mtu mwingine vitumbua vyake. Nilimwuliza mama yule alikozipata karatasi. Akanijibu kwamba huzinunua kwa kilo, kwa vijana wapitao na mikokoteni, wala haulizi zimetoka wapi. Sikumlaumu. Karatasi isiyosomwa na mtu, kwa mwenye biashara, ni karatasi tu.

Ningalilisahau jambo hilo, kama si swali la msichana mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Serikali. Nilikuwa nikifundisha juu ya Kanisa na mila za Kiafrika, nikasema kwa kujiamini kwamba wazee wetu wamelifikiri jambo hili tangu zamani. Akainua mkono: "Mwalimu, wazee gani? Waliandika wapi? Tunaweza kuwasoma?" Nimesomea ualimu, nimefundisha karibu miaka 30, najua jinsi mwalimu anavyokwepa swali. Nilikwepa. Lakini nilirudi nyumbani na aibu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyajua majina tu. Maandishi yao sikuwahi kuyafungua.

Basi niwaeleze nilichokipata nilipoanza kutafuta. Tarehe 29 Januari 1960, miezi mitano kabla ya uhuru wa nchi yetu, ulifanyika mjadala katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, uliokuwa ukiitwa bado Léopoldville. Swali lilikuwa: je, inawezekana kuwa na teolojia ya Kiafrika? Upande mmoja alisimama Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa bado mwanafunzi wa teolojia. Alizaliwa mwaka 1933 huko Kipushi. Ndiyo, Kipushi hii hii yetu, mji wa machimbo, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Upande wa pili alisimama Alfred Vanneste, padri Mbelgiji, mkuu wa kitivo chenyewe cha teolojia. Mwanafunzi akasema kwamba inawezekana: namna ya watu wetu ya kufikiri na kuuona uhai, pamoja na ishara zao, inaweza kutumika kuyatafakari mambo ya Mungu. Mwalimu wake akasema kwamba teolojia hutafuta ukweli ulio wa watu wote, na kwamba Mwafrika atajipunja akijifungia katika yaliyo yake. Kwanza afanye teolojia iliyo kamili, ya ulimwengu mzima. Walipingana mbele ya watu, kwa heshima, bila kufichana kitu.

Mwanafunzi yule baadaye alikuwa mtaalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akawa rekta wa Lovanium, kisha askofu msaidizi wa Kinshasa, na tangu mwaka 1991 askofu wa Mbuji-Mayi. Alifariki mwaka 2021. Maneno ya pande zote mbili yalichapwa mwaka ule ule wa 1960 katika *Revue du Clergé Africain*, jarida lililoanzishwa mwaka 1946 na kutolewa katika seminari kuu ya Mayidi, huko Kongo-Central. Wanaoandika historia ya teolojia ya Afrika hawaachi kuutaja mjadala huo. Mimi niliusoma nikiwa nimepita umri wa miaka 50, kwenye kioo cha simu, baada ya rafiki aliyekuwa masomoni Ubelgiji kunitumia picha za kurasa zile. Neno la mtoto wa Kipushi lilinifikia kutoka Leuven.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatamani majarida yetu kama mtu anavyotamani maji. Nayo hayakuwa machache. *Aequatoria* lilianzishwa mwaka 1937 na Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert, wamisionari wa Moyo Mtakatifu, upande wa Mbandaka. *African Ecclesiastical Review* lilianza mwaka 1959 katika seminari ya Katigondo, Uganda. *Cahiers des Religions Africaines* lilitoka Lovanium tangu mwaka 1967, likiongozwa na Padri Vincent Mulago. Haya na mengine yalifika mpaka kwetu. Mapadri waliyapokea kwa posta, wakayasoma, wakayapanga rafuni. Kisha mapadri wakahamishwa au wakafa, mvua ikapenya paa, mchwa wakapanda ukutani.

Tulipopewa maboksi mawili yaliyobaki katika nyumba ya padri mzee, tukaamua, mimi na vijana sita wa Kiro na wa Xaveri, kuyageuza kuwa maktaba ya kidijitali. Niseme wazi kwamba hatukuwa na utaalamu. Tulijua tu kwamba picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi, isiwe na kivuli, na ukurasa usikatwe pembeni. Umeme ulikuwa ukituachia saa chache tu, basi tulifanya kazi mchana, karibu na dirisha, simu imefungwa juu ya kigoda cha mbao alichotutengenezea fundi jirani. Wengine walitushauri tukate mgongo wa kila juzuu ili kurasa zilale sawasawa na kazi iende upesi. Nilikataa. Juzuu likishakatwa halirudi kuwa kitabu, na picha yaweza kupotea.

Nayo ilipotea. Kazi ya miezi mitatu niliiweka yote katika kompyuta moja, yangu, nikijiahidi kila Jumamosi kwamba nitanakili. Siku moja haikuwaka. Vijana walinitazama, wala hawakusema neno, na ukimya ule ulinichoma kuliko lawama. Tulianza upya kwa sababu karatasi zilikuwapo, hazijakatwa. Tangu siku hiyo kila faili lina nakala tatu, na mojawapo inalala katika nyumba nyingine kabisa.

Lakini niwaambieni: kupiga picha ndiyo kazi nyepesi. Kazi yenyewe ni majina. Picha elfu moja zisizo na majina ni kama yale maboksi mawili, ila sasa hata mchwa hawezi kuyaona. Kuna utaratibu uitwao Dublin Core, wenye vipengele 15 vya kuutambulisha waraka: kichwa chake, mwandishi, tarehe, lugha, na kadhalika. Ukiutazama unaonekana rahisi. Sasa andikeni jina la mwandishi wetu wa Kipushi. Katika makala ya zamani ni Tharcisse Tshibangu. Mwaka 1972 Serikali ilipoyakataza majina ya Kikristo, akawa Tshibangu Tshishiku. Kwingine ni T. Tshibangu tu, na akina Tshibangu ni wengi. Kijana anayetafuta kwa jina moja atakosa nusu ya kazi ya mtu huyo, naye atadhani mzee aliandika kidogo.

Majarida nayo ni hivyo hivyo. Lile la kituo cha Wajesuiti cha Kinshasa liliitwa kwanza *Documents pour l'action*, kisha *Congo-Afrique*. Nchi ilipogeuka Zaïre likawa *Zaïre-Afrique*. Mwaka 1997 nchi ilipolirudia jina lake, nalo likalirudia lake. Hata mji wetu ulikuwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Jioni nzima tulibishana tufanye nini. Tukakubaliana kuandika jina lililochapwa, kama lilivyochapwa, na kando yake majina mengine yote, ili ulipitie lolote na ufike. Binafsi naona jioni ile niliwafundisha vijana historia ya Kongo kuliko katika mwaka mzima wa darasa.

Programu ya kutambua herufi ilitusaidia, lakini nayo ina kiburi chake. Kifaransa inakisoma vizuri. Ikifika kwenye neno la Kiluba, au la Lomongo lenye alama za toni, inabuni. Ikabidi msichana yule yule aliyeniuliza swali aketi kusahihisha neno kwa neno, huku akimpigia nyanya yake simu kuuliza maana. Yeye ndiye aliyeshauri pia kwamba kila makala yapate muhtasari wa mistari mitano kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale wanaoogopa Kifaransa cha wasomi. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jambo moja lilituletea mzozo. Kijana mmoja alitaka tuvitawanye vyote mara moja, kila simu, kila parokia. Nikamkumbusha kwamba nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986, na kwamba haki ya mwandishi haifi siku anapozikwa. Majarida haya yana wenyewe: mashirika ya kitawa, vyuo, warithi. Alinijibu kwa hasira kwamba wenyewe waliyaacha yakafungie vitumbua. Hakukosa kabisa, na sikuwa na jibu la kumtosheleza. Tuliandika barua za kuomba ruhusa. Wengine wamejibu upesi na kwa wema, wengine tunawangoja. Yaliyo na ruhusa tumeyaweka katika kadi ndogo za kumbukumbu, yafunguke kwenye simu bila intaneti, kwa kuwa vifurushi ni ghali nanyi mnajua. Yasiyo na ruhusa yanasomwa chumbani kwetu, Jumatano na Jumamosi.

Jumamosi iliyopita msichana wetu alimaliza kuusoma ule mjadala wa mwaka 1960, pande zote mbili. Nilikuwa nimengoja kwa hamu, nikiamini atasimama na ndugu yetu wa Kipushi. Akaniambia kwa utulivu: "Mwalimu, mimi naona Padri Vanneste ana haki mahali fulani." Nilitaka kumkatiza, nikajizuia. Nilimwomba aandike sababu zake. Ameniletea kurasa nne, mbele na nyuma, nami bado sijamaliza kuzijibu.