Uchovu Si Jina Lake

Huku kwetu Uganda karibu kila anayevaa koti jeupe huitwa "musawo", awe daktari, muuguzi au muuza dawa. Dada yangu ni musawo hasa. Alimaliza udaktari, akapitia mwaka wa uanagenzi, akafanya kazi wilayani, kisha akarudi chuoni kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kozi hiyo huchukua miaka mitatu. Wasiojua hudhani mwanafunzi wa ubingwa huketi darasani kama sisi wa Kiswahili. La! Yeye ndiye anayekesha wodini, ndiye anayepasua usiku wa manane, ndiye anayepigiwa simu damu ikikosekana. Tena wapo wengi, dada akiwemo, wanaojilipia karo huku wakifanya kazi hiyo bila mshahara. Mwishoni mwa mwaka 2021 madaktari wanagenzi na hawa wa ubingwa waligoma nchini, na suala la malipo lilikuwa miongoni mwa madai yao.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alitupa makala kuhusu afya ya akili kazini. Ndani yake mlikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana ya kuungua mpaka kuisha. Darasa zima tulibishana. Mwenzetu mmoja wa Rwanda alipendekeza "kuungua", tukacheka, kwa sababu tulimwona mtu aliyeangukia jiko. Mwishowe tuliandika "uchovu wa kazi", mwalimu akatupa alama nzuri, tukaridhika.

Nilimpelekea dada tafsiri ile aisome. Kiswahili chake ni cha soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, tulikokulia, na hukitumia kila wiki kwa akina mama wakimbizi wanaokuja kujifungua. Alisoma mistari michache, akairudisha.

"Uchovu si jina lake, mdogo wangu," akasema. "Mchovu akilala huamka amepona. Mimi hulala na kuamka vilevile."

Ndipo akanieleza. Wiki ile mama mmoja alifariki mikononi mwake kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Dada alijaza fomu, akanawa mikono, akaingia kwa mgonjwa aliyefuata. Kilichomtisha si kifo chenyewe, vifo alishaviona. Kilichomtisha ni kwamba hakusikia kitu. Hata jina la marehemu halikumkaa. Alimkumbuka kama "kitanda cha saba".

Baadaye nilijifunza kwamba hali hiyo ina maelezo yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Christina Maslach, ambaye kipimo chake kilichapishwa mwaka 1981, aliitaja kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kumwona mtu unayemhudumia kama kitu tu, na kuhisi kwamba kazi yako haina faida. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lakini likaeleza wazi kwamba yenyewe si ugonjwa, ni hali inayoletwa na shinikizo la kazi la muda mrefu lisiloshughulikiwa. Napenda ufafanuzi huo. Unaondoa kidole kwa dada na kukielekeza kwenye ratiba ya zamu.

Maana wakubwa wake huwa na jibu moja: "Sisi pia tulipita humo." Sijui kwa nini mtu aliyepita kwenye miiba aone fahari kuiacha njiani. Huko New York msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki mwaka 1984 akiwa chini ya uangalizi wa madaktari waliokuwa bado mafunzoni, na kifo chake kikazua mjadala mkubwa juu ya zamu ndefu. Hata hivyo kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa nchi nzima kilikuja mwaka 2003. Nilipomtajia dada saa hizo 80 aliuliza kama chai imehesabiwa. Na lile Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, lilingoja hadi 2017 ndipo likaongezwa ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe.

Hospitalini kwao palifanyika siku ya afya ya akili. Walialikwa wote saa nane mchana, kukawa na matunda na mazoezi ya kupumua. Waliohudhuria ni wale wasiokuwa zamu. Sidharau kupumua, lakini aliyehitaji kukaa chini alikuwa amesimama chumba cha upasuaji.

Kumwona mshauri nako kuna ugumu wake. Kampala mtu akitaka kukutukana hukuambia nenda Butabika, yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Sasa mwambie daktari aende akahojiwe katika idara ambayo huenda kesho ikamtahini! Dada alipata mshauri upande wa pili wa mji, asikojulikana, naye hulipa kila anapokwenda. Kilichomsaidia zaidi, anasema, walikianzisha wenyewe, yeye na wenzake wanne: mgonjwa akifariki, mmoja hushika simu za wodi kwa dakika kumi, na aliyekuwa naye huenda kuketi nje. Hakuna fomu wala ruhusa ya mtu. Akirudi, hutaja jina la marehemu kwa wenzake, jina kamili.

Alhamisi jioni huja chumbani kwangu. Napika ugali wa muhogo na sombe, na sharti letu ni kwamba simuulizi habari za wodi mpaka ale. Wiki iliyopita alikula, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia habari za msichana wa Kikongo aliyejifungua pacha salama. Alinitajia majina yao matatu. Halafu akataka kujua kama tumeshapata lile neno. Nikamwambia bado, mwalimu amekubali tulirudie.