Mashine ya Kasi Haikufanyi Fundi wa Kapeti

Wasee, kabla utoe pesa ya chama ununue mashine ya kuosha kapeti, uliza: inazunguka mara ngapi kwa dakika? Zile za kasi za kung'arisha sakafu hupita 1,000. Hiyo itachoma nyuzi. Tafuta ya 175 hivi, na brashi laini. Kapeti ya manyoya marefu usiiguse nayo, manyoya yatasokotana.

Nimefanya hii kazi mtaani, na msimamo wangu ni huu: kama pesa inatosha mashine moja tu, nunua ya kufyonza maji. Sugua kwa mkono. Bila kufyonza, uchafu unausukuma chini tu. Siku ya tatu kapeti inanuka, na mama mwenye nyumba hakupigii tena. Anaambia ploti nzima.