Sala Kahle: Siku Zangu Mtaani Berea



Mtaa wa Berea, jijini Johannesburg, umepakana na Hillbrow na Yeoville. Alama yake ni jengo la Ponte, mnara wa mviringo wenye ghorofa 54 uliokamilika mwaka 1975. Enzi za ubaguzi wa rangi mtaa huu ulitengwa kwa Wazungu. Leo katika ngazi za majumba yake husikika Kizulu, Kishona, Kilingala, Kifaransa na Kiswahili chetu.

Nilifika huko kumtembelea binti yangu, nikiwa na kiburi cha mtu aliyefundisha Kiingereza miaka mingi. Kiburi hicho hakikumaliza juma.

Siku ya kwanza, bibi mmoja wa Kizulu aliyekuwa akishuka kwenye lifti aliniambia, "Sala kahle, baba." Adhuhuri ilikuwa imekaribia, nikadhani ananikumbusha sala, nikamshukuru kwa nasaha yake njema. Binti yangu alicheka hata akakaa chini. "Sala" ya Kizulu maana yake ni "baki", na ni jamaa ya "salia" yetu. Anayeondoka humtakia anayebaki abaki salama, naye hujibiwa "Hamba kahle", yaani nenda salama. Hata "Sawubona", salamu yao ya kila siku, imebeba "ona" yetu: asili yake ni "tumekuona".

Kosa hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuwa hivyo.

Afrika Kusini ina lugha rasmi 12, tangu lugha ya alama ilipoongezwa mwaka 2023. Lakini mgeni na mwenyeji mara nyingi hukutana katika Kiingereza, na Kiingereza hicho kimelelewa huko huko. Jirani ya binti yangu, mama kijana kutoka Uvira, aliniomba nimsindikize zahanati, mtoto wake akichemka homa. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, nami nikawa mkalimani. Muuguzi alimtazama mtoto, akasema, "Shame!" Kisha akasema daktari atamwona "just now". Neno la kwanza nililiruka, kwa kuwa nililijua kuwa ni "aibu" na lilinikera. Kwa bahati mbaya, mama naye alilijua. La pili nililifasiri bila kusita: "Daktari atamwona sasa hivi."

Tukangoja. Ikapita saa nzima, zikatimia mbili. "Papa," akaniambia, machozi yakimlengalenga, "wamenitia haya mbele za watu, na sasa wananidanganya." Akambeba mtoto mgongoni, tukarudi. Usiku ule mtoto alizidiwa, na alfajiri ikabidi arudishwe mbio. Alhamdulillahi, alipona.

Binti yangu ndiye aliyenifumbua macho. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, "shame" ni neno la huruma, kama "maskini" au "pole" yetu. Na "just now" si sasa hivi hata kidogo. Ni baadaye, pengine baada ya saa kadhaa. Muuguzi alikuwa amempa pole na kumtaka asubiri. Mimi, mwalimu, niliiacha huruma igeuke tusi, na subira nikaigeuza ahadi ya uongo.

Ndugu wasomaji, tafsiri ni amana. Ughaibuni watoto wetu ndio wakalimani wa wazazi, hospitalini na ofisini. Tuwafundishe kwamba anayetafsiri hatafuti neno tu, hutafuta alilokusudia msemaji, na penye shaka si aibu kuuliza, "Una maana gani? Ni saa ngapi hasa?" Tuwafundishe pia Kiswahili cha kutosha, kwani asiyeijua "pole" hawezi kumfikishia mama yake pole ya watu.

Siku ya kuondoka nilikutana na yule bibi penye lifti. "Sala kahle, mama," nikamwambia. Akatabasamu, akajibu, "Hamba kahle, baba." Safari hii hapakuhitajika mkalimani.