Mkazi au mpita njia? Siku nne katika hoteli ya kizamani ya Dodoma

Kabla ya reli na kabla ya lami, msafiri aliyevuka Ugogo alilipia malazi yake kwa namna isiyofanana na stakabadhi za leo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, yenye wafanyabiashara Waislamu wa pwani na mamia ya wapagazi, ilipoingia katika nyanda hizi kavu ilikuta visima vina wenyewe. Hakuna aliyechota maji wala kupiga hema bila kumlipa mtemi hongo. Neno hilo wakati ule halikuwa na aibu liliyonayo sasa. Lilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa vitambaa na shanga, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku nzima au zaidi. Richard Burton, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1857, alilalamikia sana gharama hizo. Mgogo naye alikuwa na hoja yake: nchi yake hupata mvua ya msimu mmoja tu, na maji anayokunywa mgeni mwezi wa Septemba ni maji ambayo ng'ombe wa mwenyeji watayakosa mwezi wa Oktoba.

Mji wa Dodoma tuujuao leo umezaliwa na reli, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Karibu na stesheni ya zamani ipo hoteli kongwe ya mji, ambayo enzi za ukoloni iliitwa Railway Hotel na baadaye ikawa Dodoma Hotel. Sisi hatukufikia hapo. Tulifikia katika hoteli ya kizazi kilichofuata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa ajili ya wajumbe wa vikao na watu wa semina. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu nitazitaja na kasoro zake.

Ili hoteli za namna hiyo zieleweke, sharti ikumbukwe historia ya mji wenyewe. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, muda uliokusudiwa ulikuwa miaka 10. Mchoro wa mji mpya, uliofanywa na wataalamu kutoka Canada, ulikamilika mwaka 1976, viwanja vikapimwa na miti ikapandwa. Lakini wizara, kwa sehemu kubwa, zikabaki pwani. Chama kilifanya mikutano yake mikubwa hapa, na Bunge nalo likahamishia vikao vyake hapa katika miaka ya 1990, ila wengi wa waliohudhuria walikuja na begi moja na kuondoka nalo. Kwa zaidi ya miaka 40 Dodoma ilikuwa makao makuu ya watu waliolala hotelini. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali yote inahama. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na mwaka 2019 wizara zikaanza kufanya kazi katika Mji wa Serikali huko Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika eneo hilo watu 410,000 na ushei, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000.

Kwa hiyo hoteli yetu imezeeka katika zama ambazo mji wenyewe unakua kwa kasi. Ukumbi wa mapokezi una sakafu ya marumaru iliyofifia mahali miguu ilipopita zaidi, na nyuma ya meza imetundikwa safu ya saa nne za ukutani kwa ajili ya miji mikubwa ya dunia. Tulipofika, mbili zilikuwa zimesimama. Lifti hupanda kwa kutafakari. Chumbani mlikuwa na kabati kubwa la mninga lililotengenezwa kubeba runinga za zamani zenye mgongo, na runinga nyembamba ya siku hizi imeegeshwa mbele yake, ikionekana kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu. Pazia ni nzito, zulia limechakaa, na birika la umeme lina ukoko mweupe ndani. Ukoko huo si uchafu. Maji ya Dodoma, ambayo kwa miaka mingi yametoka zaidi katika visima virefu vya Makutupora, ni magumu na yana madini mengi. Kila chombo kinachoyachemsha huota ndevu nyeupe, na sabuni hukataa kutoa povu.

Mama watoto, ambaye huzikagua hoteli kwa macho makali kuliko yangu, alitoa hukumu yake jioni ile ile: shuka safi, mito mizuri, choo hakina mpira wa maji. Jambo hilo la mwisho ni kubwa kwa familia ya Kiislamu, na ajabu ni kwamba waliojenga hoteli za fahari zamani hizo hawakulifikiria, ilhali kila nyumba ya Kondoa au Kariakoo ina kopo lake. Tulipoomba, mhudumu alileta kopo pamoja na ndoo bila kuuliza maswali. Kwa upande mwingine niseme haki: lile bafu la kizamani la kujilaza, lenye ukingo mpana na bomba la chini, ni rahisi mno kwa mtu anayetia udhu. Unakaa ukingoni na kuosha miguu kwa utulivu. Katika hoteli mpya za vioo nimeshuhudia wazee wakiinua mguu hadi kwenye beseni la kunawia uso huku wakishika ukuta, jambo la hatari.

Friji ndogo ilikuwa na chupa za pombe. Dodoma ni nchi ya zabibu, na sehemu kubwa ya zabibu hizo huishia kwenye mvinyo, hivyo mgeni hukaribishwa na chupa kama vile kwingine angekaribishwa na madafu. Tuliomba ziondolewe, zikaondolewa. Siku ya pili mhudumu yule yule alituletea sahani ya zabibu mbichi zilizooshwa, akasema hizi ndizo za kwetu sote. Watoto walizimaliza kabla ya adhuhuri.

Kibla hakikuwa na alama popote darini. Lakini nilipovuta droo ya meza nikakuta ndani yake mshale uliochorwa kwa kalamu ya risasi, na chini yake neno moja, “Makka”. Nilithibitisha kwa dira, nikaona mgeni yule hakukosea. Huku hesabu si ngumu: kutoka Dodoma kibla ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki digrii 8 hivi. Ukiwa umejua upande ilikoelekea barabara ya Kondoa na Arusha, hujapotea sana.

Ni katika chumba cha kifungua kinywa nilipokutana na bwana aliyenifanya niandike makala hii. Ni mhasibu wa taasisi moja ya umma iliyohamia Dodoma miaka kadhaa iliyopita. Nilidhani ni mgeni kama sisi, mpaka nilipomwona akienda mwenyewe jikoni kuchukua kikombe chake. Kumbe amepanga chumba kwa mwezi. Hoteli ikishakosa wageni wa bei kamili, hukubali wa namna hiyo, na si yeye peke yake. Alinihesabia wengine saba, wote wanaume, wote wenye wake na watoto Dar es Salaam, Morogoro au Tanga. Siku za Bunge la bajeti vyumba hujaa na bei hupanda, nao wapangaji hawa huombwa wahamie vyumba vya nyuma, karibu na jenereta. Wanahama bila kulalamika, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyetundika picha ukutani.

“Ustadhi,” aliniambia, kwa heshima nisiyoistahili, “mimi huku nakusuru sala. Si niko safarini?”

Nikamuuliza amekaa muda gani. Akasema chumba hiki ni mwaka wa pili sasa.

Mimi si mwanachuoni, nikamweleza yale tu ambayo masheikh wetu hufundisha katika madhehebu ya Shafi, yaliyozoeleka Afrika Mashariki: msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya usafiri humwondoka tangu anapofika. Anasali rakaa zote, na Ijumaa inamhusu. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi huifikisha idadi hiyo kwenye siku 15. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, ndugu yetu hakuwa msafiri. Sisi tuliofika Alhamisi tukitarajia kuondoka Jumatatu tulikuwa wasafiri. Yeye alikuwa mkazi, na nilimsihi alipeleke swali lake kwa imamu ili apate jibu la mtu wa elimu, pamoja na la zile sala zilizopita.

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: “Basi sheria inajua ninapoishi kuliko mimi.”

Tangu hapo nikaiona hoteli kwa jicho jingine. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) karamu ya mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wahenga wetu, kwa ukali zaidi, wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yote mawili yana mpaka. Hoteli haina mpaka huo. Haikuulizi utaondoka lini maadamu unalipa, wala haikupi jembe. Haina jirani wa kukuuliza mbona jana hukuonekana msikitini, wala mke wa kukuuliza mbona umechelewa, na saa nne usiku mahali penye taa na sauti za watu ni baa peke yake. Simtuhumu yeyote kati ya wale wanane. Nasema tu kwamba nyumba ya namna hiyo haikujengwa ili mtu aishi ndani yake miaka miwili, na mtu akiishi humo hujifunza polepole kutohitajiwa na mtu.

Wapo watakaosema treni imelimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba tangu reli ya kisasa ianze kusafirisha abiria hadi Dodoma, Julai 2024, safari iliyomla mtu siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa tatu au nne. Mhasibu wetu huondoka Ijumaa jioni na kurejea Jumapili usiku. Mzee wa mapokezi, ambaye watoto wangu walimwamkia shikamoo kila walipopita hata akachoka kuitika, aliniambia kwamba Jumamosi ndiyo siku hoteli inapopumua, korido zote kimya. Mimi nasafiri kwa treni hiyo na ninaipenda. Hata hivyo nina shaka moja. Basi la saa nane lilikuwa linamlazimisha baba aamue, kwa kuwa hakuna mwili unaoweza safari ile kila wiki. Treni imeufanya utengano uvumilike, na jambo linalovumilika huahirishwa. Uhamisho wa mke mwalimu unasubiri mwaka ujao, mtoto amalize darasa la saba kwanza, kiwanja kipate bei nzuri. Mtoto wa darasa la saba akimaliza, mdogo wake naye yuko la sita.

Sisemi kila familia ihame. Yapo mambo ya wazazi wazee, ya matibabu, ya ajira ya mke ambayo si haki kumtaka aiache bila mashauriano. Lakini mashauriano ndiyo yanayokosekana. Bwana huyu alikiri kwamba katika miaka yote hii yeye na mkewe hawajawahi kukaa chini kulijadili suala la kuhama hadi mwisho, kwa sababu siku mbili za wikiendi ni fupi na hakuna anayetaka kuziharibu.

Wiki ile ilikuwa ya likizo ya Juni, na kwa mara ya kwanza mambo yakageuka: familia yake ndiyo iliyopanda treni kumfuata. Jumamosi asubuhi, katika baridi ile ya nyanda za kati inayowashangaza watu wa pwani, tuliwakuta wamekaa meza ya dirishani, mama na watoto watatu wamejifunga mitandio na masweta. Wanangu na wao walizoeana kwa dakika mbili. Binti yake mdogo, wa miaka mitano hivi, aliutazama ukumbi wote, zile saa nne za ukutani, na mhudumu aliyemsalimu baba yake kwa jina, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika: “Baba, hii ndiyo nyumba yako?”

Mama yake akatazama chai. Yeye akajibu, “Hapana mwanangu, hapa nalala tu.”

“Nyumba yako iko wapi?”

Hakumjibu papo hapo. Mchana walikodi bajaji wakaenda Ipagala na Nzuguni kutazama nyumba za kupanga, wakarudi jioni wakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mkewe alimweleza mama watoto wangu kwamba nyumba moja ilikuwa nzuri ila kisima chake kina chumvi, na nyingine ilikuwa na maji mazuri lakini bei yake imepandishwa kwa ajili ya watu wa wizarani. Watu wa wizarani ndio sisi, akasema, akacheka.

Jumapili alikuja kuniuliza kama ninajua madrasa nzuri upande wa Ipagala, yenye mwalimu wa tajwidi anayewapokea watoto wanaoanza katikati ya mwaka. Nilikuwa simjui yeyote. Nilimwelekeza kwa imamu wa msikiti tuliosali Ijumaa, nikamwandikia namba yake nyuma ya kadi ya ufunguo wa chumba.