Muziki wa Tsavo, Usiku wa Kishushe

Filamu maarufu kuliko zote kuhusu kwetu haikupigwa kwetu. The Ghost and the Darkness ilitoka mwaka wa 1996. Inasimulia habari za simba wawili waliokula wajenzi wa reli pale mto Tsavo mwaka wa 1898, na ilipigwa Afrika Kusini. Simba walioigiza walikuwa na manyoya marefu ya shingoni, yale ya kifahari tunayoyaona kwenye katuni na nembo za timu za mpira. Simba wenyewe, madume wote wawili, hawakuwa nayo. Wako Chicago mpaka leo, wamesimamishwa ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Field. John Henry Patterson, mhandisi aliyekuja kujenga daraja na ndiye aliyewaua, aliiuzia makumbusho hiyo ngozi zao kwa dola 5,000 katika miaka ya 1920.

Hata idadi ya waliouawa inategemea nani anakusimulia. Patterson aliwahi kudai watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walichapisha makadirio yao mwaka wa 2009, wakafika kama 35. Simba wa Tsavo wamekuwa wakikua tangu wafe.

Mimi ni wa Kishushe. Kama hupajui, Kishushe iko chini ya vilima vya Taita, upande unaoangalia Tsavo West. Watu wa nje hutujua kwa mawe ya chuma yanayochimbwa na malori yanayoyabeba, na vumbi ambalo malori hayo hayalibebi. Nimekulia hapo, na hiyo filamu, pamoja na uongo wake wote, naipenda. Ama niseme vizuri: naupenda muziki wake.

Muziki huo ni kazi ya Jerry Goldsmith. Ukiwa na hedifoni nzuri, tafuta albamu yake usiku mmoja, zima taa, usitazame picha yoyote. Utasikia watu watatu wakigombania sehemu moja. Kuna wimbo wa Kiairishi, mtamu na wenye majivuno kidogo, huo ni wa Patterson, aliyezaliwa Ireland. Kuna sauti zenye mkunjo wa Kihindi, za maelfu ya vibarua walioletwa kuvuta reli. Halafu kuna ngoma na vibwagizo vya kwaya ya Kiafrika. Mwanzoni kila mmoja ana kona yake. Kadiri hadithi inavyoendelea wanaanza kukanyagana, na ule wimbo wa Kiairishi ulioingia ukijigamba unabaki unatafuta pa kukaa. Historia ya reli ile unaweza kuisoma kitabuni kwa siku nne. Goldsmith anakupa kiini chake kwa nusu saa na hataji tarehe hata moja.

Nilipojua jina lake nilikuwa tayari mtu mzima, niko Nairobi, na nilishangaa nilipoona kazi zake zingine. First Blood ya 1982, yaani Rambo wa kwanza? Ni yeye. The Omen ya 1976, iliyompa Oscar yake ya pekee? Ni yeye. Kumbe mtu mmoja ndiye aliyekuwa akinitetemesha utotoni, miaka yote ile, na sikuwahi kumsikia akitajwa.

Angetajwa vipi? Filamu tulizitazama kwa mjomba. Alikuwa na chumba cha mabati pale sentani, jenereta nyuma, mabenchi ya mbao, shilingi kumi mlangoni. Na kama wewe ni wa kizazi changu unajua: hukwenda kusikiliza muziki, ulikwenda kumsikiliza DJ. DJ Afro na wenzake walikuwa wanachukua filamu ya Hollywood au ya Hong Kong, wanaizungumzia juu kwa juu kwa Kiswahili na Sheng, wanampa Rambo matatizo ya kodi ya nyumba, wanampa adui jina la chifu. Ile ni sanaa kamili, na siku moja vyuo vyetu vitaisomesha kwa heshima yake. Ukitaka kuona mapenzi hayo yakiwekwa kwenye filamu yetu wenyewe, rudia Nairobi Half Life ya 2012: Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza moja moja mbele ya wateja. Wengi wetu tulimfahamu Mwas kabla hajaandikwa.

Lakini DJ alifunika okestra. Mazungumzo ya Kiingereza na muziki vilikuwa vinapita chini ya sauti yake kama maji chini ya daraja. Isipokuwa pale ambapo hata yeye alinyamaza. DJ mzuri alijua: mtu akiingia msituni peke yake, au mlango ukianza kufunguka polepole, unaacha. Sekunde tano, labda kumi. Hapo ndipo muziki ulipotufikia, kutoka kwenye spika iliyopasuka, chumba kizima kimeshika pumzi. Nadhani ndiyo maana mpaka leo nasikiliza muziki wa filamu kama mtu anayetega sikio ukutani. Niliujulia kwenye mianya.

Mjomba alikuwa na kazi ya pili. Alichora. Alichora vichwa vya kinyozi, vikombe vya chai vya hoteli, ng'ombe wa duka la dawa za mifugo, na kila wiki alichora posta ya filamu itakayoonyeshwa, kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi zingine. Kwa hiyo Rambo wetu alitegemea wiki. Wiki hoteli ikipakwa rangi, Rambo alikuwa kijani.

Siku alipopata kanda ya simba wa Tsavo alichora ukuta mzima. Simba wawili, miili mirefu, midomo wazi, na shingo tupu kabisa. Watu wakacheka. Mteja mmoja akamwambia, "Mzee, hawa umechora majike."

Mjomba, ambaye ujana wake alichunga ng'ombe kwenye ranchi na kulala boma moja na fimbo, hakugeuka hata. "Wewe umewaona kwenye noti ya Kanu au porini?" akamjibu. "Wa huku miiba imewanyoa. Kama una shaka twende, wewe ndiye utainua mkia."

Sasa weka ukuta ule kando ya Hollywood. Tsavo imekuwa ikiuzwa huko tangu zamani. Mwaka wa 1952 ilitoka Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya rangi kuonyeshwa kwa teknolojia ya 3D, na hadithi yake ni hao hao simba wetu. Matangazo yake yaliwaahidi Wamarekani simba atakayewatua mapajani. Picha ya watazamaji wa usiku ule, mamia ya watu wamevaa miwani ya karatasi na kukodoa mahali pamoja, ilipigwa na J. R. Eyerman wa jarida la Life na bado inazunguka dunia nzima. Huwa naitazama nikiwaza: wote hawa wanaangalia nyumbani kwetu, na hakuna hata mmoja anayepaona. Mchoraji pekee aliyepata shingo sawasawa alikuwa anadaiwa rangi na mwenye hoteli.

Si kwamba nataka kuihukumu filamu. Muziki mkubwa hauhitaji paspoti, na Goldsmith hakuwa na deni kwangu. Tatizo langu ni lingine. Muziki wa filamu hukufundisha uogope nini. Nyuzi zikipanda, unageuza macho. Na dunia imefundishwa vizuri sana kuogopa simba wa Tsavo, kiasi kwamba ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka upande ule, swali la kwanza ni simba.

Kwetu usiku una sauti nyingine. Ni debe. Linaanza shamba la mbali, ko ko ko, halafu la pili linajibu, halafu mabati, halafu sufuria, halafu mtu anapiga mluzi, na mbwa wote wanaingia pamoja. Maana yake ndovu wametoka mbugani. Kaka yangu mkubwa amelinda mahindi hivyo tangu nikiwa shule ya msingi: tochi, debe, na mti wa kukimbilia. Msimu mmoja walikula shamba lote kwa saa mbili. Msimu mwingine jirani yetu alitoka kuwafukuza na hakurudi, tukamzika Jumamosi. Nilikuwa Nairobi. Kaka alinitumia ujumbe wa sauti wa ule usiku, alikuwa ananirekodia jambo lingine kabisa kuhusu ada ya mtoto, na nyuma yake madebe yalikuwa yameshaanza. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko albamu yoyote niliyo nayo. Kuna mahali kaka anakatiza sentensi, madebe yote yananyamaza pamoja, na unasikia tu mahindi yakivunjwa. Hakuna okestra iliyowahi kunishika hivyo.

Wadawida si watu wasio na muziki wa hofu. Tuna mwazindika, ngoma ambayo wazee walipiga kumtuliza mtu aliyepandwa na pepo. Ngoma ile haikutishi. Inakaa na wewe ndani ya hofu mpaka itulie. Hilo ndilo ninalolikosa nikitazama filamu ya kwetu: muziki wake unajua kutisha, haujui kukaa na aliyetishika akilima kesho yake.

Ule ukuta wa simba haupo tena. Kampuni moja ya simu ilikuja na ndoo zake, sentani yote ikawa rangi moja kwa siku mbili. Mjomba mikono inatetemeka siku hizi, brashi imemshinda. Anakaa nje anasikiliza redio na kukosoa mabango.

Ila kuna mpwa wangu, mtoto wa huyo kaka. Ana miaka 16 na simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa simu hiyo anatengeneza katuni, picha moja baada ya nyingine, kwa kidole. Mwezi wa Desemba alinionyesha alichoanza: ndovu anavuka ua usiku, mtu yuko juu ya mti, tochi inakufa. Mjomba alikuwa ameshampitia makosa. Masikio makubwa mno, mti wa Ulaya huo, na hakuna mtu wa Kishushe anayepanda mti na viatu. Alirekebisha yote.

Akaniuliza aweke muziki gani. Nikamchezea Goldsmith, sehemu ile ambapo okestra inashuka kabisa kabla ya simba kutokea. Alisikiliza yote, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mjomba au baba mdogo anapokuonyesha kitu cha zamani. Halafu akasema, "Ni kali, baba mdogo. Lakini si tuko na ile sauti ya baba?"

Basi tunaitumia hiyo. Kaka amekubali, kwa sharti kwamba habari ya ada ya shule ikatwe. Mpaka sasa tuna dakika moja na sekunde 40. Mjomba anataka madebe yaanze mbali zaidi, upande wa kushoto, kwa sababu ndiko shamba la marehemu lilipo, na yeye ndiye aliyekuwa anaanza kupiga siku zote. Mpwa anasema simu haina kushoto. Bado wanabishana.