Mpaka ukifungwa kesho asubuhi, nyumba yako ina siku ngapi?



Wiki hii nimepita vijiji vya Mbozi na Momba, karibu kila uwanja una mahindi yameanikwa na wanunuzi wanazunguka na mizani zao. Najua swali lililo kichwani mwako: niuze sasa au nisubiri bei? Leo sitajibu swali hilo. Nataka ujiulize jingine kabla gunia la mwisho halijapanda kwenye gari. Ikitokea kesho asubuhi hakuna kutoka, hakuna kuvuka, gulio limefungwa na wakala hana pesa, familia yako itakaa siku ngapi bila kuomba kwa jirani?

Mwaka 2020 nilishindwa mtihani huu, mimi ninayelipwa mshahara kufundisha watu kujiandaa. Nitakueleza ilivyokuwa, kisha twende kwenye mambo ya kufanya.

Sote tunakumbuka mwanzo wake. Shule zilifungwa Machi 17, 2020 na hazikurudi zote hadi Juni 29. Hapa kwetu Tanzania hatukufungiwa ndani kama wenzetu. Uganda walisimamisha usafiri wa abiria, na wauza chakula masokoni wakaambiwa walale pale pale sokoni kwa siku 14. Rwanda walifungiwa majumbani tangu Machi. Sisi tuliendelea kulima na kuuza, na wengi wetu tukasema mambo ya kufungiwa ni ya wengine.

Lakini Tunduma haiamuliwi na Tanzania peke yake. Mapema mwezi Mei Zambia walitangaza wagonjwa zaidi ya 70 kutoka Nakonde kwa siku moja. Mei 10 Rais Edgar Lungu akatangaza kwamba mpaka wa Nakonde unafungwa kuanzia kesho yake. Kituo cha pamoja cha forodha kilikuwa hakijamaliza hata mwaka tangu marais wawili wakizindue Oktoba 2019. Siku moja watu wanavuka na mabeseni kichwani, siku ya pili geti limefungwa. Foleni ya malori ikarudi nyuma kuelekea Mpemba. Siku chache baadaye malori ya mizigo yakaanza kupita polepole, lakini sisi wa kuvuka kwa miguu tuliendelea kubaki.

Mama yangu alikuwa upande wa pili. Dada yangu ameolewa Nakonde, na mama alikwenda kwake baada ya Pasaka kumsaidia na mtoto mchanga. Mama ana presha. Dawa zake nilikuwa nazinunua mimi Tunduma kila mwezi, nampa mtu anayevuka, jioni zimefika. Sikuwahi kununua za miezi miwili. Nilijiambia mpaka uko hatua chache tu, kwa nini nifunge pesa kwenye vidonge?

Jioni ya Mei 11 dada alipiga simu. Mama akamnyang'anya akaniambia, "Mwanangu, usihangaike, bado nina vinne." Yeye ananitoa wasiwasi, mimi nahesabu vidole.

Dada alizunguka maduka ya dawa, aina ile hakuipata. Shemeji akaniambia nimtume kijana apite njia za panya. Nilikataa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na niliogopa kumpeleka mtoto wa mtu akakamatwe au alete ugonjwa nyumbani kwao. Hadi leo sijui kama nilikosea. Dawa zilivuka Mei 23 kwa mkono wa dereva wa lori aliyekuwa amekaa kwenye foleni siku nyingi. Mama alikuwa amekaa siku tisa bila kidonge. Asubuhi ya siku ya nane aliamka mdomo umepinda na mkono wa kushoto haushiki kikombe.

Yupo hai, namshukuru Mungu. Anatembea, anachambua maharage kwa mkono mmoja na kunicheka nikimsaidia. Lakini ule mkono haukurudi vizuri. Bei ya vidonge vya mwezi mmoja wa ziada, wakati ule, ilikuwa chini ya bei ya debe la mahindi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ninapoandika orodha hii sianzi na unga kama wanavyoanza wengi.

1. Dawa kwanza

Andika kwenye daftari kila mtu nyumbani anayemeza dawa kila siku: presha, kisukari, kifafa, pumu, dawa za kufubaza virusi. Nenda kliniki kabla hazijaisha na uombe, pale inapowezekana, upewe za miezi miwili au mitatu. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi wengi tayari hupewa za miezi kadhaa. Usikae na sanduku la dawa usizozijua, wala usinunue antibiotiki za akiba. Kinachohitajika ni dawa uliyoandikiwa, yenye mwezi mmoja mbele. Ongeza pakiti za chumvichumvi za kuharisha na dawa ya kutibu maji, maana kipindupindu nacho hufunga njia. Mama mjamzito mwenye tarehe ya kujifungua karibu, panga mapema atalala wapi na nani atamsindikiza usiku.

2. Hesabu ya chakula, na si kwa macho

Tuchukue nyumba ya watu sita, wakubwa na watoto. Wanakula takriban kilo 2.5 za unga kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 75. Kwa miezi mitatu ni kilo 225, yaani magunia mawili na robo ya kilo 100, kama mnakula dona. Mkikoboa sembe, pumba inachukua sehemu kubwa, basi weka magunia matatu. Maharage, nusu kilo na kitu kwa siku, ni kama debe moja kwa mwezi. Mafuta ya alizeti lita tatu kwa mwezi. Chumvi, sabuni, viberiti na kuni kavu usizisahau. Mtu anaweza kuwa na gunia la mahindi na akalala njaa kwa kukosa kiberiti au kwa sababu mashine ya kusaga imefungwa. Saga debe moja mbele kila mara.

Miezi mitatu hii ni juu ya chakula chako cha kawaida cha kufikia mavuno. Kama huwezi mitatu, anza na mmoja. Kama huwezi mmoja, anza na wiki mbili. Anayenunua unga wa kilo, aongeze kilo moja kila wiki akiweka pembeni. Baada ya miezi michache ana kitu.

3. Akiba ikiliwa na dumuzi si akiba

Mimi mwaka ule niliuza mahindi yangu yote Septemba nikanunua mabati. Jirani yangu aliyatunza, lakini aliyafunga kwenye viroba yakiwa hayajakauka, na alipofungua Mei alikuta unga wa dumuzi na harufu ya ukungu. Tulikuwa sawa.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha pima kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka mahindi hadi theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikidondoka chini yote, anika tena siku moja mbili kwa usalama, ndipo ufunge. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sababu hiyo.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ya PICS, haihitaji dawa. Toa hewa, funga kila mfuko wa ndani peke yake, halafu wa nje. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na ziba njia za panya. Ukitumia viroba vya kawaida, changanya dawa ya unga iliyosajiliwa kwa nafaka, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Andika kwa kalamu nene "CHA NYUMBANI" kwenye magunia ya akiba. Utaona jinsi neno hilo linavyomzuia hata baba mwenye nyumba siku dalali akipandisha bei.

4. Pesa ya mkononi

Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Hakikuwa kirusi safari hii. Wengi tuligundua kwamba pesa yote iko kwenye simu, na wakala akifunga, au akikosa floti, simu haikupi unga. Weka nyumbani pesa taslimu za wiki mbili, noti ndogo ndogo, na watu wawili wajue zilipo. Nyingi zaidi ya hapo ni kuwaita wezi.

5. Wewe unayevusha bidhaa

Mama mmoja jirani yetu, mwaka 2020, alikuwa amekopa matenga 40 ya nyanya ayapeleke Nakonde. Geti lilifungwa yakiwa uani kwake. Aliyauza Tunduma kwa bei ya kutupa, kila mfanyabiashara mwenzake akifanya hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Juu ya hayo alikuwa na kwacha kibindoni ambazo hakuna aliyetaka kuzibadilisha kwa bei ya haki.

Alinifundisha mambo matatu. Usiweke mtaji wote kwenye mali inayooza na soko moja ng'ambo. Changanya na mchele, maharage au dagaa wakavu, vinavyoweza kusubiri. Badilisha kwacha jioni ile ile, usilale nazo nyingi. Na mkopo wa bidhaa ya kuvuka mpaka, kubalianeni mapema na mwenye mali: njia ikifungwa, hasara tunagawana vipi? Ukiuliza swali hilo kabla, ni biashara. Ukiuliza baada, ni ugomvi.

Wanachama wa VICOBA, fanyeni hivyo hivyo. Kaeni kikao kimoja muandike kanuni ya dharura: marejesho yatasimama wiki ngapi, mfuko wa jamii utatoka kwa nani kwanza, na nani atashika funguo kama mwenye ufunguo amefungiwa mbali.

6. Shamba halingoji

Geti likifungwa Oktoba au Novemba, mbegu na mbolea ndizo zitakazokwama. Nunua mbegu mapema kwa wakala aliyesajiliwa, tunza risiti, na hakikisha taarifa zako za ruzuku ziko sawa kabla ya msimu. Kuku wapewe chanjo ya kideri kila miezi mitatu. Usingoje waanze kusinzia. Panda mchicha, figiri na chainizi karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yanafika. Matuta matatu yanatosha mboga ya familia.

Msilimbikize kwa pupa

Kuna tofauti ya kuweka akiba na kulimbikiza. Akiba huwekwa wakati wa mavuno, vitu vipo tele na bei iko chini, kwa hiyo humnyimi mtu. Kulimbikiza ni kukimbilia dukani siku ya tangazo. Mnakumbuka limau na tangawizi zilivyopanda bei mwaka ule. Aliyeweka akiba mapema hasongamani dukani na mwenye shida, na anaweza hata kumpa jirani bakuli la unga.

Utaniuliza, afisa, unajuaje kwamba itatokea tena? Sijui, na sitabiri. Ila najua Uganda walifunga wilaya za Mubende na Kassanda Oktoba 2022 kwa sababu ya Ebola. Najua Marburg imeingia Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Najua Aprili 2025 nchi yetu ilizuia mazao kutoka Malawi, na ingawa zuio lilikaa siku chache tu, Ileje waliosimama na mizigo siku hizo wanazikumbuka. Sisi tunaishi juu ya barabara ya Tanzam na reli ya TAZARA. Kila kinachopita kusini kinapita mlangoni kwetu, na mlango huo una watu wawili wenye ufunguo.

Kazi ya wiki hii ni moja. Jioni, baada ya kula, kaa na mama watoto au baba watoto, chukueni daftari. Andikeni dawa za nani zinaisha lini. Halafu hesabuni magunia yanayobaki nyumbani kabla ya kuhesabu yanayouzwa. Ni kazi ya nusu saa.

Mama sasa anakaa kwangu. Vidonge vyake viko kwenye kopo juu ya kabati, vya mwezi huu na vya mwezi ujao, na kila tarehe 1 mjukuu wake anavihesabu kwa sauti. Nenda kahesabu vya kwenu.

Kazi njema na mavuno mema.