Petroli Yangu Ilikwenda Wapi?

Mtu akikuambia kwamba gari lake kuukuu linakula petroli, usimwulize kwanza ni gari la aina gani, mwulize amejuaje. Mimi swali hilo niliulizwa nikiwa nimekwisha chelewa, na kuchelewa kwangu kulikuwa kumekwisha mwondoa mtu nyumbani mwangu.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitatu, lilitengenezwa Japani mwaka 1989, nalo lina injini ya silinda nne inayolishwa na kabureta. Nililinunua likiwa limekwisha pita mikononi mwa watu kadha wa kadha. Kazi yangu iko Jinja, na kila baada ya majuma mawili hunibidi kwenda Kampala kwa shughuli za ofisi na kurudi siku ile ile. Ni kilomita 80 hivi kwenda: unavuka daraja jipya la mto Nile lililofunguliwa mwaka 2018, unaupenya msitu wa Mabira, unatokea kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi. Mwanzoni gari lilikwenda bila manung'uniko. Lakini katikati ya mwaka 2022, wakati ule ule bei ya petroli hapa Uganda ilipopita shilingi 6,000 kwa lita, likaanza kubadilika. Vilima nilivyozoea kuvipanda kwa gia ya nne vikataka ya tatu, kisha ya pili, na malori yaliyosheheni yakawa yananipigia honi kwa nyuma. Petroli nayo ikawa haikai.

Fundi wa kwanza aliniuzia plagi mpya. Wa pili alikaza na kulegeza skrubu za kabureta kwa bisibisi, akapokea fedha zake, na gari likawa vile vile.

Siku hizo alikuwa akikaa kwetu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana aliyemaliza shule na kuhangaikia kazi. Kila Jumamosi aliliosha gari, na funguo alikuwa nazo. Jioni moja niliangalia mshale wa petroli ukiwa nusu. Asubuhi nikaukuta umeteremka karibu na robo. Juma lililofuata ikawa hivyo tena. Rafiki zake wengi walikuwa waendesha bodaboda. Je, ndugu msomaji, wewe ungejumlishaje? Mimi nilijumlisha upesi. Nilimwita sebuleni, na mbele ya watoto nikamwuliza petroli yangu anamwuzia nani.

Hakufoka. Alisema, "Shemeji, mimi sijapata kulifungua tangi lako," akaweka funguo juu ya meza, na alfajiri akapanda gari la abiria kwenda kwao Iganga.

Mke wangu naye hakugomba. Alinyamaza majuma matatu, funguo zikiwa mfukoni mwangu usiku na mchana, petroli ikazidi kwisha kama kawaida. Ndipo aliponiambia, akiwa anachambua mchele, wala hakuinua uso: "Baba Amina, ndugu yangu ulimpima. Gari hujalipima."

Jioni hiyo nilikwenda kwa jirani yetu, sajini mstaafu aliyetumika miaka mingi katika karakana ya magari ya jeshi. Mtaa mzima humwita Afande. Yeye huniita Mwalimu, ijapokuwa chaki niliiacha zamani. Nilimkuta chini ya mwembe wake, nikamweleza yote isipokuwa habari ya shemeji. Hakuinuka. Aliuliza, "Kitabu cha gari kiko wapi?"

Nilidhani anataka kadi. "La, kitabu," akasema. "Kambini gari halitoki bila kuandikwa kilomita zake na lita zake. Wewe huandiki, umejuaje kwamba linakula?"

Hesabu aliyonifundisha ni ya mtoto wa shule ya msingi. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye mita. Nenda safari yako ya kawaida, kisha urudi kwenye pampu ile ile, gari limesimama upande ule ule, ujaze tena mpaka ikatike. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Mshale usiuamini. Ndani ya tangi mna kijiboya kinachoelea, nacho ndicho kinachousukuma mshale. Gari likilazwa mlimani, petroli hukimbilia upande mmoja, na kijiboya hushuka au hupanda hata kama hapana tone lililopotea.

Ndugu zangu, uani kwangu ni mteremko. Nililisogeza gari mpaka mahali tambarare, na mbele ya macho yangu mshale ukapanda kutoka robo hadi karibu nusu. Shahidi niliyemtegemea kumhukumu kijana wa watu ndiye huyo.

Safari yangu ya kwanza ya kuandika ilikuwa kilomita 158 kwa lita 17 na nusu, yaani kilomita 9 kwa lita. Afande alisema gari kama lile likiwa zima, kwenye barabara kuu, lapasa kupata 13. Akaongeza kwamba jambo moja nilisamehe: Jinja na Kampala ziko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, kwa hiyo injini ya hapa haitapata kamwe nguvu ya pwani. Lakini hewa hiyo ilikuwapo tangu mwanzo; haikuweza kuwa ndiyo iliyobadilika.

Kabureta hakuigusa. Alianza na mambo ya bure: upepo wa magurudumu, kisha chujio la hewa, ambalo alilitoa na kulipigapiga. Kisha akafungua zile plagi zangu mpya. Zilikuwa nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, ilhali plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya hudhurungi hafifu, kama chai iliyotiwa maziwa. Maana yake petroli ilikuwa nyingi kupita hewa. Akaniuliza kama mshale wa joto hupanda mpaka katikati. Nikamjibu kwa fahari kwamba gari langu halipati moto hata kidogo.

"Hapo ndipo penye ugonjwa," akasema.

Mahali pa thamostati, kile kilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye radieta mpaka yapate moto wa nyuzi 82 hivi, palikuwa patupu. Mtu fulani alikwisha kuitoa, kwa imani iliyoenea mno kwamba nchi za joto haziihitaji. Bila hiyo injini hubaki baridi, choki hudhani ni alfajiri siku nzima, nayo kabureta humwaga petroli. Ni sawa na kupika maharage bila kufunika sufuria, kuni zikateketea bure. Tulitia nyingine. Safari iliyofuata ilitoa kilomita 11 kwa lita, na plagi zikaanza kung'aa. Lakini vilima vya Mabira bado vilinishinda.

Afande akanipeleka mahali tambarare, akazima injini, akaondoa gia, akalegeza breki ya mkono na kuniambia nisukume. Gari dogo lapaswa kusogea kwa mtu mmoja. Halikusogea mpaka alipoongeza bega lake. Kisha tukaliendesha mwendo mfupi na kuliacha lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, akakaribisha kiganja kwenye kila gurudumu. Akaribishe tu, maana chuma hicho huweza kuunguza. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kushoto lilikuwa kama pasi. Baada ya kukingama mawe chini ya magurudumu ya mbele na kulipiga jeki, tuliona: waya wa breki ya mkono umeota kutu ndani ya ganda lake, hurudi nusu tu.

"Mwalimu, miezi yote hii umekwenda Kampala umevuta breki."

Nikaukumbuka mteremko wa uani, na jinsi nilivyoivuta breki ile kila jioni kwa nguvu zangu zote. Waya mpya ukatiwa, breki za nyuma zikasafishwa. Kilomita 159, lita 12. Kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya shilingi 30,000 zilizobaki nyumbani kila safari.

Jumapili yake tulikwenda Iganga, mimi, mke wangu na watoto, na sukari na sabuni za mama mkwe. Kwa kuwa nilimtuhumu mbele ya watoto, nilimwomba radhi mbele ya watoto, na mbele ya mama yake pia. Nikampa kile kitabu. Alikipekua ukurasa kwa ukurasa, akazisoma tarakimu kimya, wala hakusema amesamehe au hakusamehe. Kisha akatoka nje, akachutama kando ya gurudumu la nyuma kushoto, akakaribisha kiganja.

"Halina moto, shemeji," akasema.